Kengele kwenye Paa la Kasuku

Ilitoka ndani ya sanduku la viatu, imeviringishwa kwenye soksi ya mtoto, na niliitambua kabla mgeni hajamaliza kuifungua. Injini ya dizeli ya mfano, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, magurudumu manne, kibanda cha dereva nyuma, na juu ya paa kengele.

"Muzee, njo yeye?" mgeni akaniuliza kama ndiyo yenyewe.

"Njo yeye. Lakini nani alimupaka rangi ya kijani?"

Mgeni alikuwa Mzungu wa makamo, mwana wa mkuu wetu wa zamani wa karakana. Alizaliwa hapa Gisenyi, akaondoka mdogo, na Kiswahili chake kilibaki kile cha mtoto aliyelelewa na watu wa jikoni. Alisema picha zote za baba yake zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo yeye na wenzake wanaotengeneza vigari hivi vya reli walikisia. Walisikia kwamba injini iliitwa Kasuku, wakachagua kijani.

"Kasuku wa huku kwetu ni wa kijivu," nikamwambia, "na mkia mwekundu. Injini ilikuwa ya kijivu, na ubao wa nyuma mwekundu. Ndiyo sababu tuliiita hivyo. Na kwa sababu ilipiga kelele asubuhi kabla haijapewa chochote."

Alicheka, akaandika. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama kengele.

Ninyi vijana mnaopakua maroli kule karibu na barrière ya mpakani, mnaobeba magunia ya saruji kutoka kwenye boti, ninawaandikia ninyi. Walimu wenu wanawaambia kwamba Rwanda haijawahi kuwa na reli, nao wanasema kweli. Ile yetu haikuwa reli ya nchi. Ilikuwa njia nyembamba ya chuma, kutoka gati hadi maghala ya kampuni moja ya usafirishaji ambayo haipo tena. Mtu angeweza kuitembea yote kabla sigara haijaisha. Lakini miaka ile ya hamsini kahawa ilishuka kwa njia hiyo, na chumvi, saruji na vitambaa vilipanda, na aliyeendesha ni mimi, Anastazi, mwenye madarasa manne ya shule.

Kasuku hakuwa na ufunguo wa kuwasha kama pikipiki zenu. Alizungushwa kwa manivela, mkono wa chuma unaochomekwa mbele ya injini. Sikilizeni hili, maana hata leo kuna mashine za kusaga zinazowashwa hivyo: kidole gumba kisiizunguke manivela. Kiwekeni upande mmoja na vile vidole vinne. Injini ikirudi nyuma ghafla, chuma kitachomoka mkononi na kwenda zake. Ukiwa umekishika kama mpini wa jembe, kitaondoka na kidole chako. Aliyenifundisha hayo ni Mzee Ramazani, ambaye kidole chake kimoja kilitazama pembeni hadi kufa kwake.

Mzee Ramazani alitoka Ujiji. Alikuwa amefanya kazi kwenye reli kubwa kule Kigoma, akaja kwetu na kanzu mbili, msala, na Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba sisi tulionekana watoto tukisema mbele yake. Siku yangu ya kwanza nilipanda kwenye kibanda nimevaa kandambili nilizozikata kutoka kwenye mpira wa gari. Alizitazama.

"Bwana mdogo, vua hivyo."

"Chuma kiko na baridi, muzee."

"Baridi ndiyo yenye maneno. Vua."

Nikavua. Akashuka, akaenda nyuma kabisa ya mabehewa ambako sikumwona, akagonga reli kwa nyundo. Injini ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba sikusikia sauti yangu mwenyewe. Lakini nyayo zangu zilisikia. Kitu kilipita kwenye reli, kikapanda kwenye magurudumu, kikafika kwenye sakafu ya chuma na kunidunda kisiginoni.

Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu. Njia ilipinda nyuma ya ghala, magunia yalirundikwa juu kuliko kichwa, dereva hakuona chochote. Aliyefunga mabehewa ndiye alikuwa macho yake. Pigo moja: simama. Mapigo mawili: njoo nyuma. Matatu: nenda mbele. Usiposikia vizuri, simama na ungoje, maana kusimama hakujawahi kumuumiza mtu.

Mfungaji wangu alikuwa Gaspari. Alikuwa mtu wa Rubavu, mfupi, mwenye mabega mapana, na mdomo ambao haukupumzika. Kazi yake ilikuwa kuingia kati ya behewa na behewa, kuinua kulabu, kuweka pini, na kutoka. Kati ya mabehewa mawili kuna nafasi ya mtu mmoja akiwa amesimama. Yakikutana hakuna nafasi.

Niwaambie kosa langu la kwanza, maana hilo linachekesha. Reli karibu na gati iliteremka kidogo kuelekea ziwani, na mvua ikinyesha magurudumu yaliteleza kama mguu kwenye ganda la ndizi. Dawa yake ni mchanga. Kulikuwa na kisanduku cha mchanga kwenye injini, na mrija wa kuumwaga mbele ya gurudumu. Mchanga wetu ulikuwa ule mweusi wa volkeno, mkali, mzuri kabisa, ila lazima uwe mkavu. Mimi niliujaza umelowa. Mvua iliponyesha nilivuta kamba ya kuufungulia, mrija ukaziba, na behewa la chumvi likashuka polepole, kwa heshima, hadi mwisho wa gati, likainama, likaingia ziwani.

Mkuu wa karakana alikuja mbio. Tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hatukuwahi kuona nywele zake.

"Chumvi iko wapi?" akapiga kelele. "Chumvi iko wapi?"

Gaspari akavua kofia yake mwenyewe. "Patron, iko ndani ya mayi. Lakini sasa hauwezi kuiona tena."

Hata Bwana Kofia aligeuka ili tusione uso wake. Tangu siku hiyo tulikausha mchanga kwenye sufuria la mke wa Gaspari, lile alilokaangia samaki, na injini yetu ikawa inanuka samaki kila ikipanda kilima. Wanawake wa sokoni walisema, "Kasuku amekula tena."

Tulifanya kazi hivyo miaka minne. Nataka mwelewe ilikuwaje, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Gaspari alipogonga mara moja, hakungoja kuona kama nimesimama. Aligonga, akaingia. Mwanzoni alingoja, kisha aliacha. Nyayo zangu hazikumkosea hata siku moja, naye alikuwa akiziamini kuliko alivyoyaamini macho yake.

"We unaingia upesi mno," nilimwambia siku moja tukila mihogo.

"Muguu yako iko na akili kuliko kichwa yako," akasema. "Mi nasemaga na muguu tu."

Kisha vikaja viatu.

Kampuni ilileta viatu vya kazi, vya ngozi nyeusi, soli ya mpira nene kama kidole. Agizo la Bwana Kofia lilibandikwa ukutani na kusomwa kwetu: asiyevaa viatu haingii kazini. Mzee Ramazani alikuwa amekwisha kurudi Ujiji, kifua kilikuwa kinamsumbua. Hakukuwa na mtu wa kusema neno. Na kwa kweli, ni nani angetaka kulisema? Mimi sikuwahi kuwa na viatu vya kufunga kamba. Nilivifunga mara tatu ili nione mafundo.

Gaspari aliniona nikija nikitembea katikati ya reli.

"Yewe! Leo tuko na administrateur, muzungu ya serikali! Bonjour, monsieur!"

"Wivu," nikamwambia. Miguu yake ilikuwa mipana, vyake vilikuwa bado havijapatikana, akaruhusiwa kungoja.

"Wivu gani? Mi nitavaa siku ya kuzikwa." Akacheka, kisha akainamia soli zangu, akazigonga kwa kidole. "Sikia, Anastazi. Ukipanda yulu, uvue. Kofia hataona ndani ya kibanda."

"Nitavua," nikasema.

Sikuvua. Nimejitafutia udhuru mwingi tangu siku ile. Nimejiambia nilisahau, au niliogopa agizo. Hapana. Nilikumbuka, na ndani ya kibanda hakuna aliyeniona. Nilivipenda. Vililia kidogo nilipokanyaga, nikapenda mlio wake.

Ilikuwa asubuhi hiyohiyo, jua limetoka vizuri, ziwa limetulia, boti la kahawa likingoja. Nilikuwa nikisukuma mabehewa matatu kurudi nyuma, taratibu, kulifuata la nne lililosimama kwenye mpindo nyuma ya ghala. Nilingoja pigo. Nilijua mahali ambapo kwa kawaida lingekuja. Nikasema moyoni, leo anachelewa. Nikaenda hatua nyingine. Ile sheria ya Mzee Ramazani, ukiwa na shaka simama, niliijua. Nilisukuma hatua moja zaidi.

Kilichonisimamisha ni wapagazi waliokuwa wakikimbia na mikono juu.

Sitaeleza nilichokiona. Gaspari alikuwa kati ya mabehewa, bado na nyundo mkononi. Mpagazi mmoja alikuwa akirudia neno moja tu, kama mtu asiyeweza kufunga mdomo: "Aligonga. Tulisikia. Aligonga. We haukusikia?"

Nilivua viatu palepale. Sikuvivaa tena, wala vingine vya soli nene. Mkiniona leo na hizi sandali nyembamba msifikiri ni umaskini tu.

Jioni ile nilikwenda kwa Bwana Kofia bila kuitwa. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema: "Patron, Gaspari aligonga. Wapagazi walisikia. Mimi sikusikia kwa sababu ya viatu. Aliniambia nivue, sikuvua." Nilitegemea kufungwa. Alisema, "Nimesikia." Akaandika kwa Kifaransa. Akanipa karatasi, nikaweka dole gumba, ingawa jina langu nilijua kuliandika, maana alinisogezea wino, si kalamu.

Hawakunifunga, na wale wapagazi, vibarua wa siku, walitawanyika kwenda kwao. Baada ya wiki mbili fundi alikuja akaweka kengele juu ya paa la Kasuku, na mnyororo mrefu uliopita juu ya mabehewa hadi nyuma. Tangu hapo mfungaji alivuta mnyororo, akangoja kengele ijibiwe kwa honi, ndipo akaingia. Hiyo ndiyo asili ya ile kengele ndogo mliyosikia mgeni ameileta. Haikuwa pambo. Nilidhani kila mtu alijua.

Kwenye maziko nilisimama nyuma. Mjane wa Gaspari alikuwa na binti mchanga mgongoni, Konsolata. Sikumsogelea. Nilijiambia: ukweli nimekwisha kuusema ofisini, ofisi imempelekea, amekwisha kujua mimi ni nani, nikimkaribia nitamuumiza. Miaka yote nilipopita karibu na nyumba yao nilishusha kichwa. Walipoinua macho nilidhani wananichukia, nikaona ni haki yao.

Sasa rudini kwenye meza yangu, na kile kigari cha kijani.

Mgeni alisema kwamba kigari kitatoka pamoja na kijitabu kidogo kinachoeleza asili yake, injini ya kweli ilikuwa wapi na ilifanya nini. Alikuwa na karatasi za marehemu baba yake. Alitaka nithibitishe habari ya kengele kabla hawajachapa. Akatoa nakala, iliyogeuka njano, na chini yake nikaona alama ya dole gumba langu.

"Nasoma, muzee? Natafsiri polepole."

"Soma."

Akasoma: "Mufungaji aliingia kati ya mawago bila kutoa ishara. Alikuwa ananuka pombe ya ndizi. Dereva hana kosa."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

Sijui niwaelezeeje. Kwa miaka hamsini nilibeba kosa langu nikidhani angalau nimelibeba mahali pake. Kumbe siku ileile walilichukua kutoka mgongoni mwangu wakamtwika maiti. Na waliweka juu yake kidole changu. Nilitazama dole gumba langu kama kitu cha mtu mwingine.

"Ni uongo," nikasema.

"Muzee, ni mukono ya papa yangu."

"Ni mkono wake. Ni uongo. Gaspari hakuwahi kuonja pombe kazini. Aligonga. Viatu ndivyo vilivyomuua, na agizo la viatu lilikuwa la baba yako, na miguu iliyovivaa ni yangu. Andika hivyo."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alizungusha kigari kwenye kiganja, mara moja, mara mbili. "Donc, basi, papa alidanganya."

"Alidanganya. Na mimi niliuacha uongo uishi, kwa sababu sikuuliza."

Ndipo wazo la pili likanipiga, nikasimama. Kama hiki ndicho ofisi ilichoandika, basi pale nyumbani kwa Gaspari waliambiwa nini?

Konsolata anauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, pale wanapoegesha mitumbwi, si mbali na mahali gati letu lilipokuwa. Ni mwanamke mzima sasa, mwenye wajukuu. Tulikwenda kwa miguu, mgeni akiwa na sanduku lake la viatu kwapani. Konsolata aliponiona aliweka chini kisahani cha kupimia.

"Muzee Anastazi! We unakuyaga huku? Haunisalimiaga hata siku moja."

"Mama, nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mlipokuwa wadogo, walikuambieni baba yenu alikufa namna gani?"

Wanawake waliokuwa jirani wakageuka kusikiliza. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, polepole.

"Batu ba kampuni balimuambia mama alikuwa mulevi. Aliingia tu, kama mutu hana akili. Mama hakupendaga jina yake itajwe. Kaka yangu akikosea, mama anamuambia: utakufa kipumbavu kama baba yako. Kwa nini unauliza?"

Nilimweleza. Nilieleza mbele ya wale wanawake wote, kwa sauti, viatu, mlio wa viatu, ahadi yangu ya kuvivua. Sikuacha kitu. Nilipomaliza nilingoja anitupie kisahani.

Alikaa juu ya kopo tupu alilokuwa akilikalia. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile kugonga. Wewe ulikuwa unaisikia namna gani, na muguu?"

Pale kuna kipande cha reli kilichobaki, kimezama kwenye saruji pande zote mbili. Wavuvi hufungia kamba juu yake na vijana hukalia, bila kujua ni nini. Nikamwonyesha. Nikamwambia avue kandambili na akanyage upande wa juu, atazame milima, asinitazame. Mgeni akaleta jiwe, nikamwambia hapana, na mvuvi mmoja akanipa nyundo ya kupigilia mitumbwi. Nikaenda upande wa chini, magoti yakilia, nikainama.

Nikagonga mara moja.

Nilimwona akishtuka kuanzia kisigino hadi mabega.

"Yoo, Mana yanjye," akamwita Mungu wake, mgongo wake kwangu. "Nimesikia. Moja."

"Ndiyo. Moja."

"Ni ya kusema nini?"

"Simama."

Hakugeuka. Mgeni alikuwa amefungua daftari lake juu ya sanduku, akaniuliza kwa sauti ya chini aandike nini kwenye kijitabu, kwa maneno yapi hasa. Nikamwambia aandike kwamba injini ilikuwa ya kijivu, na mkia mwekundu. Halafu aandike: mfungaji Gaspari aligonga, dereva Anastazi hakusikia.

Konsolata alikuwa bado juu ya chuma, miguu mitupu.

"Muzee," akasema, "gonga tena."